Pamba Kavu

Mume wangu hajui kufanya kazi mbovu. Sisemi hivi kwa kumsifia, maana mwanamke anayemsifia mumewe mbele za watu ana jambo analolificha. Nasema kwa sababu kwake ni ugonjwa, kama wengine walivyo na kisukari. Mpe kitasa kilicholegea, atakirudisha kikifunga mpaka wewe mwenye nyumba ushindwe kuingia. Mpe sigara ya umeme iliyoungua, inayonuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni, ataiweka mezani na kuongea nayo kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata tangu anioe.

Watu wanamwita Fundi Moshi. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo tunalokaa: meza moja, taa ya shingo ndefu, miswaki ya kusugulia, vibano, chupa ya spiriti na pakiti za pamba. Wanamletea sigara zao wakilalamika, haitoi moshi, inavuja, inachoma koo. Yeye anafungua atomaiza, yaani kile kichwa chenye koili ya waya na pamba, ambamo maji ya ladha hugeuka moshi, na kabla hajatia mkono anaanza mahubiri. Umeivuta tangi likiwa tupu, siyo? Mteja anakana. Fundi anamwonyesha weusi kwenye pamba na mteja anaangalia pembeni. Pamba mpya haivutwi papo hapo, anamwambia, inanyweshwa kwanza, matone machache, halafu unaiacha itulie kama unavyoacha chai ipoe. Usivute mfululizo kama mtu anayefukuzwa. Maji yenye sukari nyingi yanagandisha ukoko kwenye waya. Punguza moto. Ladha ikibadilika usilazimishe, fungua, osha kwa maji ya moto, suuza, acha ikauke kabisa ndipo uirudishe.

"Kifaa hiki hakifi," huwaambia. "Kinauawa."

Kwingine watu hununua vichwa vipya kila mara. Wateja wake hukaa na kilekile mpaka wakasahau walikinunua lini. Nilimwambia kwamba anajifungia riziki kwa mdomo wake mwenyewe. Akanijibu kwamba kazi ikidumu ndiyo imefanywa, akaendelea kusugua.

Tabia hiyo ameitoa kwa baba yake. Baba mkwe wangu alikuwa fundi saa. Maisha yake yote aliyakalia mezani, lenzi jichoni na sigara pembeni mwa mdomo, moja ikizima nyingine inawaka. Zikamla kifua. Mama mkwe alipofariki, Baba akahamia kwetu, na moshi wake ukahamia kwenye mapazia ninayoshona, mpaka mteja mmoja akanirudishia mzigo akisema nyumba yake si klabu. Ndipo mume wangu alipomtengenezea sigara ya umeme kwa mkono wake. Baba aliijaribu, akatabasamu, zile za karatasi akaziacha. Tukadhani tumeokoka. Kila Jumapili asubuhi baba na mwana walikaa dirishani, mwana anafungua, anaosha, anatia pamba mpya, baba anamtazama mikono. Hawakuwa wakiongea. Kwa watu wale, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo.

Kisha kifua kikazidi. Daktari akampiga picha, halafu akatuita sisi nje ya mlango, mimi, mume wangu na wifi yangu.

"Mapafu yaliyobaki ni madogo," akasema. "Moshi wowote, uwe wa karatasi uwe wa umeme, ndio utakaomuua. Akiacha sasa, mtakuwa naye. Asipoacha, msije kuniuliza."

Basi likawa wazi kama mchana: aache aishi, asiache afe. Hapakuwa na la tatu.

Wifi yangu ni muuguzi, na huongea na watu wote kana kwamba wamelazwa wodini kwake. Siku ileile aliichukua ile sigara akaitia kwenye mkoba wake, mbele ya Baba, bila hata kusema samahani. Baba hakugomba. Aligeukia ukuta. Nikampelekea supu, akasema asante mama, akaiacha ipoe. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Ngazi za kwenda dukani alikuwa hazimudu tena, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia, ila alikuwa anapotea akiwa palepale kitandani.

"Mmenichukulia meza yangu ya saa," alimwambia mwanawe akiangalia ukuta. "Mungu akamchukua mama yenu. Sasa hata pumzi yangu mnaitia kufuli?"

Mume wangu akamfuata dada yake kazini, akairudisha ile sigara nyumbani, na wifi akaja nyuma yake akiwa anafoka tangu ngazi ya kwanza. Tukajifungia jikoni.

"Mtu akinyimwa hulalamika," wifi akasema. "Akikataa mwenyewe halalamiki. Wewe si ndiye unayeitengeneza? Iharibu. Mtilie pamba kavu. Baba unamjua, wali ukishika chini kidogo tu anasukuma sahani. Aivute mara moja imchome koo, ataitupa mwenyewe, na ataona ni uamuzi wake."

"Nimfanyie baba yangu kazi mbovu?"

"Mfanyie kazi mbovu, kaka, au mchimbie kaburi zuri. Chagua."

Mume wangu akanitazama mimi. Nafikiri alitaka nimtetee. Lakini niliona wifi amesema kweli, ingawa inaniuma kumpa haki yake, nikamwambia, "Fanya."

Alifanyia kazi hiyo mezani petu pa kulia chakula, Baba akiwa amelala. Ungemwona ungecheka, na mimi nilicheka. Alikata pamba, akaipitisha ndani ya koili, akaanza kunieleza jinsi anavyojisikia vibaya, na huku akieleza kidole gumba kikawa kinabonyeza chupa.

"Umeinywesha," nikamwambia.

Akaitazama mikono yake kana kwamba imemjibu vibaya. Akatoa pamba, akaanza upya. Safari hii akashika mswaki, akasugua waya mpaka ukang'aa, ndipo akakumbuka kwamba ukoko ule ndio tuliokuwa tunautaka. Ikabidi akachukue koili nyingine kuukuu kwenye takataka za kibandani. Mara ya tatu nilimnyang'anya chupa na mswaki, nikavikalia. Basi akashindilia pamba kavu, akaibana kila upande maji yasipite, akaacha weusi kwenye waya, akapandisha moto. Kisha akachukua kitambaa akaifuta nje ikang'aa, kwa kuwa hilo hakuweza kujizuia. Akaenda kunawa mikono, akakaa bombani muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, nami nikaacha kucheka.

Jumapili akampelekea. Wifi alisimama mlangoni na mimi nikajifanya natafuta mkasi. Baba akaipokea, akaivuta. Nikasikia pamba inatatarika ndani, na harufu ikanifikia nilipokuwa, harufu ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Macho ya Baba yakajaa maji. Nikasema moyoni, sasa. Itupe, Baba. Itupe.

Akautoa moshi polepole. Akaitazama ile sigara, akamtazama mwanawe.

"Safi," akasema. "Mikono yako ibarikiwe." Akavuta tena.

Jikoni tulitazamana kama wezi waliokuta nyumba wameikosea.

"Ulimi umekufa," wifi akatoa hukumu. "Ndivyo wanavyokuwa waliovuta miaka mingi. Haonji kitu. Basi zidisha. Ulimi umekufa, koo halijafa."

Akazidisha. Jumapili iliyofuata pamba ilikuwa ngumu kama kamba na moto umepanda zaidi. Baba akavuta, akafumba macho, akasema hii imeishinda ile ya kwanza. Akaanza kukohoa mchana, kitu ambacho zamani kilikuwa cha alfajiri tu. Akaanza kulala akiwa ameketi. Mume wangu akataka kuirudisha ilivyokuwa. Dada yake akamkemea kwamba akiisafisha sasa ni sawa na kumwambia Baba avute mpaka siku ya kiama, kwamba imebaki kidogo, koo litakataa lenyewe. Waligombana wakinong'ona, na ugomvi wa kunong'ona ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu hakuna jirani atakayekuja kuwaamua.

Mimi ndiye niliyekuwa na Baba mchana kutwa. Yeye dirishani, mimi kwenye cherehani, kila mtu na kazi yake, yake ikiwa kutazama barabara na kunisimulia nani kanunua nini. Mkwe na baba mkwe wana mipaka yao, lakini miaka ya kukaa chumba kimoja huifanya mipaka ile ilegee kidogo. Aliniita mama, nami nilimtania kwamba amekuwa mtangazaji wa mtaa. Ndipo nikaanza kuona jambo. Ile sigara ilikuwa inakaa kwenye kizingiti cha dirisha tangu asubuhi bila kuguswa. Anakohoa, anakunywa maji, anaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemwamini, anageuza uso. Lakini miguu ya mume wangu ikisikika kwenye ngazi, Baba anainyakua, anaifuta kwa shati, na mlango unapofunguka unamkuta anavuta.

Mwanzoni nilidhani macho yangu yamechoka na uzi. Kisha ikaja siku ya maziwa. Nilimpa chai, akaonja, akaiweka chini.

"Mama, maziwa haya yameanza kugeuka."

Nikaonja ya kwangu, sikuona kitu. Nikaonja tena, nikayashikilia mdomoni, na kweli, mbali kabisa kulikuwa na uchachu mdogo. Mimi mzima sikuuhisi. Mwenye ulimi uliokufa ameuhisi kwa funda moja.

Nikasimamisha cherehani.

"Baba, hiyo sigara yako ina ladha gani?"

Akautazama mlango. "Yuko wapi?"

"Kibandani."

"Ina ladha ya soksi zilizochomwa," akasema.

Nikaangua kicheko, naye akacheka, kikohozi kikamkamata, nikampiga mgongoni mpaka kikamwachia. Alipopata pumzi hakuwa anacheka tena.

"Mikono imeanza kumtoka mwanangu," akasema. "Kama ilivyonitoka mimi."

"Baba..."

"Sikiliza. Yangu ilipoanza kutetemeka sikujua. Mtu hajui. Saa zilikuwa zinarudi, nikisema ni vipuri vibovu vya siku hizi. Siku moja akaja mtu, mtoto wa jana tu huyo, akaibwaga saa yake mezani akaniuliza, mzee, hii uliitengeneza au uliikanyaga? Watu wakacheka. Mwanangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu, akainamisha kichwa. Mama, uzee si miaka. Mimi nilizeeka dakika ile, nikiwa nimeketi." Akavuta hewa. "Sasa namwona yeye. Pamba kavu, waya mchafu, moto wa kuchomea mahindi. Yule! Na akinipa, vidole vinamtetemeka, nimeviona. Hajui bado. Basi sitakuwa mimi wa kumwambia. Namvutia mbele yake aone kazi yake bado inavutika."

"Na kifua chako?"

"Kifua!" Akaipungia mkono ile sigara pale kizingitini. "Hamu yenyewe imeniisha. Ile ya kwanza iliyoungua, nilisema moyoni, leo ndio mwisho, naitupa dirishani na sitaki nyingine. Nilikuwa nimeshaacha, mama. Kisha nikamwona anavyonikodolea macho, kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani. Nikiacha sasa atauliza kwa nini. Nikiacha, atajua."

Nilitaka kupiga yowe. Dawa ilikuwa imefanya kazi tangu siku ya kwanza, tangu pumzi ya kwanza, na sisi tukamwongezea kipimo. Yule mzee alikuwa amepona tamaa, anakunywa sumu kwa adabu.

"Niapie hutamwambia," akasema.

Mimi nina ulimi mrefu, kila mtu katika jengo hili atakushuhudilia. Lakini baba mkwe akikushika kwa kiapo, ulimi unakunjika. Nikaapa. Ningeweza kumgeuzia palepale nikasema, Baba, mikono yake mizima. Maneno matatu tu. Ila baada ya hayo matatu yangefuata mengine: kwamba watoto wako walikaa jikoni kwangu wakakubaliana kukulisha moshi wa pamba iliyoungua. Hilo si la mkwe kusema. Mambo ya baba na mwana yasemwe na wenyewe. Nikaona nitamngoja mume wangu aje kula, nimkamate kwenye ngazi, nimwambie panda, piga magoti, ungama. Hapo kiapo changu kingekuwa kimevunjika, lakini kwa kheri. Ilikuwa ni suala la kungoja mpaka mchana.

Nikaenda jikoni nikabandika chakula, sikio likiwa kwenye ngazi. Mafuta yakapata moto, vitunguu vikaanza kupiga kelele, na siku hiyo mume wangu akapanda mapema kwa sababu dada yake alikuwa amempitia. Mimi sikusikia miguu. Baba aliisikia.

Nilitoka na mwiko mkononi nikawakuta wamesimama mlangoni. Baba alikuwa ameketi wima, mgongo umenyooka kuliko nilivyouona mwaka ule wote, anavuta. Alivuta pumzi ndefu, ndefu sana, akimtazama mwanawe usoni.

"Leo," akasema, "leo umejipita mwe..."

Hakumaliza. Kikohozi kikamshika na safari hii hakikumwachia. Kilimwinamisha, kikamtupa kando ya kiti, midomo ikawa ya rangi ya majivu. Mume wangu alisimama tu, mikono imeinuka hewani haijui pa kwenda. Ni wifi aliyemvaa baba yake, akamlaza upande, akamfungua shati, akatupigia kelele tulete kiti cha mikono. Tulimshusha ngazi zile zote akiwa kwenye kiti, mume wangu mbele, mimi na wifi nyuma. Tulipopita kibandani palikuwa na mteja anangoja. "Fundi," akauliza, "ile yangu tayari?" Mume wangu akamjibu kwamba bado, kwa sauti yake ya kila siku, akaendelea kubeba.

Hospitali walimtia barakoa ya hewa, wakamlaza karibu na dirisha. Wifi aliongea na daktari pembeni. Aliporudi alinishika mkono, yeye ambaye hajawahi kunishika isipokuwa kunipima presha, nikajua. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, viganja katikati ya magoti.

"Ingia ukamwone," nikamwambia.

"Nitamwambia nini? Nimemuua kwa mkono wangu."

Nikaingia mwenyewe. Nikavuta kiti karibu kabisa, mahali ambapo mkwe hapaswi kukaa, nikamwinamia sikioni.

"Baba, sijamwambia. Kiapo chako kipo. Nimekuja kukuambia wewe. Mikono yake mizima."

Macho yakanigeukia.

"Iliharibiwa makusudi. Ili uichukie, uache, upone. Tulikubaliana wote watatu, jikoni kwangu. Na ilimshinda, Baba. Mara ya kwanza akainywesha pamba bila kujijua. Mara ya pili akasugua waya mpaka ukang'aa. Ilibidi nimnyang'anye chupa na mswaki. Vile vidole vinatetemeka kwa aibu. Havina ugonjwa."

Akaisogeza barakoa kwa kidole. "Makusudi?"

"Makusudi."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nayataka hayo matusi. Badala yake uso wake ukakunjuka.

"Kwa hiyo ni mizima," akasema.

"Mizima, Baba."

Akacheka. Hakikuwa na sauti kicheko kile, ni mabega tu yaliyopanda na kushuka, lakini kilikuwa kicheko, na sijamwona mtu mwenye furaha namna ile kitandani pa hospitali. Kisha kikamtoka usoni polepole. Nilimwona akifikiri, akiligeuza lile jambo aone upande wake wa nyuma. Akanishika kifundo cha mkono, na nguvu ile sijui aliitoa wapi.

"Asijue," akasema.

"Asijue nini, Baba?"

"Kwamba niliionja." Akapumzika. "Ulimi wangu ulikufa. Sema."

"Baba, mimi siwezi..."

"Sema, mama."

Nikasema. "Ulimi wako ulikufa, Baba."

Akairudisha barakoa mwenyewe, akaiweka sawa kama mtu anayevaa miwani, akageuza uso dirishani. Nikatoka nikamsukuma mume wangu aingie. Alikaa naye jioni ile yote, ameshika ule mkono, na kama kawaida yao hawakuongea. Asubuhi tulipofika kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Tulimzika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Wifi aliwaeleza wote, kwa sauti ya wodini, jinsi uvutaji unavyoua ulimi kwanza kabla haujaua mtu, kwamba Baba mwishoni hakuwa anaonja chochote, maskini, hata ungempa majivu. Wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikapita na sinia yangu.

Msiba ulipokwisha mume wangu akafungua kibanda. Mchana mmoja nilimshushia chakula nikamkuta hana mteja, ameiweka ile ya Baba chini ya taa. Alikuwa ameifungua. Alivuta pamba kwa kibano, taratibu, akaniinulia niione. Ilikuwa nyeusi mpaka katikati.

"Angalia," akasema. "Hii imeungua mpaka kiini."

"Kula, chakula kinapoa."

"Wateja wangu huja wanalia kwa robo ya hii. Ulimi umekufa, sawa. Koo je? Kifua je? Mtu atavutaje hii, pumzi baada ya pumzi, asihisi?"

"Dada yako amekueleza."

"Dada anajua wagonjwa. Mimi najua pamba." Akanitazama. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mchana kutwa. Alikuwa anahisi?"

Nikaweka sahani mezani, nikaifunua, nikaifunika tena. Yeye akaishindilia ile pamba mahali pake, akakifunga kichwa, akawasha. Mume wangu hajapata kuvuta kitu maishani mwake. Kila anachotengeneza humpa mwenyewe akijaribu. Alikitia mdomoni kile kitu akavuta kwa nguvu, kama alivyomwona baba yake akivuta.

Kikohozi kilimkunja juu ya meza. Vibano vikaanguka, taa ikayumba, chupa ya spiriti nikaidaka mimi. Alipoinua kichwa machozi na makamasi vilikuwa vinamtiririka, na alikuwa ananitazama.

"Hakuhisi?" akauliza.

"Hakuhisi," nikasema.

Hakunisikia, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimemrudia, ikabidi niseme tena kwa sauti kubwa zaidi.